Mpaka Ataje Jina

Sijamsamehe. Naanza na hilo ili mtu asidhani nimeketi hapa kumwimbia sifa. Wenzangu waliofanya kazi naye tukikutana huzieleza habari zake kwa kucheka mpaka wakafuta machozi, nami nacheka nao, maana yapo mengi ya kuchekesha. Lakini nikirudi nyumbani hasira nayo hurudi, nami ni mwanamke mwenye mvi sasa, hasira haifai hata kwa presha yangu.

Hospitali nzima ilimwita Bwana Usingizi. Ndiye aliyetoa dawa ya usingizi, ile nusukaputi, katika thieta yetu ya upasuaji pale Kampala, miaka ya utawala wa wanajeshi. Hakuwa daktari. Alianza kazi kwa kusukuma vitanda vya magurudumu, akamtazama mtu akilaza wagonjwa kwa etha, akauliza maswali mpaka wakachoka naye wakamfundisha, wakampa cheti. Kisha waliomfundisha wakaanza kupungua. Wengine walifukuzwa nchini, wengine walikimbia, na wengine siku moja hawakuja kazini wala hakuna aliyethubutu kuuliza. Akabaki yeye.

Mimi nilikuwa nesi, binti wa sajini wa polisi, nimezaliwa kaskazini nikakulia katika nyumba za askari upande wa Nakawa. Kule kwetu Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya uani, maana kila mlango ulikuwa na kabila lake na dini yake, na watoto lazima wagombane kwa lugha moja. Bwana Usingizi alikuwa Muganda wa kizamani, na kwa Waganda wengi wa rika lake Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. Alinisemesha Kiswahili kwa sababu Luganda changu kilikuwa kibovu kuliko Kiswahili chake, na mtu aliyewahi kumsikia akisema Kiswahili atajua hilo si jambo dogo.

Siku hizi naingia thieta nakuta mashine inalia tii, tii, na vijana wamekaa wanaongea habari za mpira kwa sababu mashine inasikiliza badala yao. Sisi hatukuwa na mashine ya kulia. Tulikuwa na yeye. Alibandika stethoskopu kwa plasta juu ya kifua cha mgonjwa, akaiunga na mpira mrefu mwembamba, akauchomeka katika sikio lake la kushoto, akakaa hivyo saa nzima, saa mbili, saa nne. Kidole kimoja kilikuwa mbele ya sikio la mgonjwa, pale mshipa unapopita. Macho yalitembea: midomo, kucha, mfuko wa kupumulia, rangi ya damu kwenye kisu. Kila dakika tano alipima presha akaweka nukta katika karatasi. Nukta za mapigo chini, alama za presha juu, saa pembeni. Ulipotoka mgonjwa thieta, safari yake yote ilikuwa katika karatasi ile, nawe ungeweza kuisoma ukajua ni wapi alitaka kutuacha.

"Kumulaza mutu hata walagi inaweza," alikuwa akisema, na maana yake waragi, pombe yetu kali. "Nenda Kansanga Jumamosi utaona wamelala wote. Nani atawaamusha? Hiyo ndiyo kazi."

Neno hilo nililisikia mara ya kwanza siku ya kwanza, na mara ya mwisho sitasema bado.

Kulikuwa na ujia nyuma ya thieta, wenye vitanda viwili, saa ya ukutani na benchi moja. Tuliuita chumba cha kuamkia. Katika hospitali nyingi za wakati ule mgonjwa alitolewa mezani akisukumwa moja kwa moja wodini, bado anakoroma, akaachiwa dada yake ampepee. Wengi walikufia hapo, kati ya kisu na wodi, ulimi umeanguka nyuma ukaziba koo, na dada anapepea tu. Familia ziliambiwa moyo ulikuwa dhaifu. Bwana Usingizi aliposikia maneno hayo alitema mate, hata kama sakafu ilikuwa imepigwa deki sasa hivi.

Kwake sheria ilikuwa moja. Nesi mmoja, mgonjwa mmoja, mkono mmoja. Unamlaza ubavu, unainua kidevu, unashika mkono wake penye mshipa, na huuachii mpaka mgonjwa akutajie jina lake kwa kinywa chake. Akilia, bado. Akiomba maji, bado. Akimwita mama yake, bado.

"Mama kila mutu anaita," alinieleza. "Hata mutu anakwenda kufa anaita mama. Lakini akisema mimi ni fulani, basi mwenyewe amerudi. Hapo andika saa, achia."

Nilikuwa na miezi miwili pale nilipoiona sheria hiyo ikinichapa. Msafara wa jeshi ulipita barabarani, ving'ora na pikipiki, nami nikaenda dirishani kutazama, hatua nne tu. Niliporudi mwanamke niliyekuwa nikimlinda alikuwa wa rangi ya majivu ya mkaa. Nilipiga kelele. Bwana Usingizi alitoka mbio, akamvuta taya, akamgeuza, akampulizia kwa mfuko, na baada ya muda ambao siwezi kuupima yule mama alikohoa. Alipokuwa na hakika naye alinigeukia. Sikupigwa. Alichukua bendeji akaufunga mkono wangu na mkono wa mgonjwa pamoja, mafundo matatu, mbele ya manesi wote, mbele ya wahudumu wa deki, mbele ya daktari mpasuaji aliyekuwa akivua glavu.

"Sasa nenda dirishani," akaniambia.

Nilikaa nimefungwa hivyo saa moja na nusu. Nilimchukia. Nililia kwa aibu mpaka pua ikawa inachuruzika nami sina mkono wa kupangusia, maana wa pili ulikuwa umeshika kidevu. Yule mama alipotaja jina lake, kwa sauti ya usingizi kama mtu anayejibu hodi, nilimbusu paji la uso. Tangu siku ile sikuhitaji bendeji. Mkono wangu ulishika wenyewe, na mgonjwa akifumbua macho mdomo wangu uliuliza wenyewe: jina lako nani? Miaka mitatu, mamia ya watu. Nilikuwa nikiwauliza hata wadogo zangu nyumbani nikiwaamsha kwenda shule, wakanicheka. Wahenga walisema mazoea yana taabu, nasi tuliyaita mafunzo.

Kabla ya upasuaji alikuwa msumbufu kupita kiasi. Aliwanusa watu midomo. Ndugu wa mgonjwa huapa kwamba mgonjwa hajala tangu jana, huku amekula matoke asubuhi kwa kuwa hawakutaka afe na njaa. Bwana Usingizi aliinama, akaweka pua, akasema, "Huyu mutu amekula, tena na njugu." Na kweli. Anarudishwa wodini huku ndugu wakimlaani, wala hawakujua kwamba matoke yale yangemrudia kooni yakamwua. Alimwuliza mgonjwa jina lake, anapasuliwa nini, upande gani, akiwa bado macho, hata kama alikuwa amemwuliza jana. Tulihesabu vitambaa kabla ya kisu na tulivihesabu tena kabla ya kushona. Madaktari waliona ni ushamba wa mtu asiyesoma.

Walituletea daktari mmoja aliyekuwa amepewa cheo cha meja, sijui kwa kupasua nini. Alivaa magwanda chini ya gauni la thieta ili tusisahau. Siku moja alikuwa na haraka ya kwenda kwenye sherehe, akashika kisu.

"Presha bado, Bwana Meja," Bwana Usingizi akasema.

"Amelala huyu. Naanza."

"Kulala amelala. Mimi bado sijui kama ataamuka."

"Unajua unaongea na nani wewe?"

Watu walipotea kwa maneno madogo kuliko hayo. Bwana Usingizi hakupandisha sauti. Aliisogeza ile karatasi yake mpaka chini ya pua ya meja, pamoja na kalamu. "Kata, ssebo, bwana mukubwa. Lakini kwanza andika hapa jina yako, kwamba umekata kabla ya kipimo. Kalatasi haina chuki na mutu."

Meja aliitazama karatasi, kisha akakaa kwenye kiti kidogo akangoja presha ipimwe kama mgonjwa wa nje. Tulicheka mwezi mzima, kwa chinichini. Tangu hapo tuliiona karatasi ile kuwa ngao, nami nilikuwa wa kwanza kuamini hivyo.

Halafu kuna mitungi ya oksijeni. Nikieleza habari ya mitungi hupandisha sauti, nisameheni. Wahindi walipofukuzwa, maduka ya dawa yalifungwa, na waliopewa maduka hayo hawakujua tofauti ya etha na dawa ya kikohozi. Tulifua glavu tukazianika. Sabuni ikawa hadithi. Bwana Usingizi alikuwa na mche wake mmoja alioupata sijui wapi, akaukata kwa uzi vipande vidogo akatugawia, kila nesi kimoja, cha kunawia tu, akikushika unafulia kanga nacho utakoma. Oksijeni ilibaki mitungi minne. Likaja lori la jeshi mchana kweupe, wakaibeba yote minne, kwenda kuchomelea gari la mkubwa fulani huko kambini. Kuchomelea gari! Bwana Usingizi alisimama mlangoni na mkono juu ya mtungi wa mwisho, na askari aliutoa mkono ule taratibu, kidole kimoja kimoja, akicheka.

Baada ya siku mbili alikuja msichana wa miaka tisa, utumbo umejisokota. Asipopasuliwa anakufa, akipasuliwa bila oksijeni huenda akafa. Akapasuliwa. Alikufa mezani huku Bwana Usingizi akimpulizia hewa ya chumba kwa mfuko. Aliandika katika karatasi: mitungi imechukuliwa na askari, mtoto amekufa kwa kukosa oksijeni. Mkuu wa hospitali alimwita, akamwomba, kisha akamwamuru aandike kwamba moyo ulisimama. Akajibu, "Moyo ya kila mufu imesimama, daktari. Mimi naandika kwa nini." Hakubadili. Mkuu aliichana karatasi ile mbele yake. Yeye akaenda kuiandika upya, nukta zote, kutoka kichwani.

Msinielewe vibaya, hakuwa mtakatifu. Jumamosi alikunywa Kansanga mpaka akabebwa, mradi kesho yake hana zamu. Kanisani alilala usingizi wa pono, mkewe akimfinya, na ndiko mahali pekee alikolala vizuri, kwa maana nyumbani usingizi ulimkataa. Aliogopa sindano. Alipougua malaria tulimkamata watatu, naye akapiga mayowe mpaka wagonjwa wakaja kuchungulia. Alikuwa na ulimi mkali kwa wanyonge. Kuna nesi aliacha kazi kwa sababu yake akaenda kuuza nyanya soko la Nakawa, na nilipokutana naye alisema nyanya hazimtukani.

Haya. Nimezungukazunguka vya kutosha.

Asubuhi moja majirani walimleta mwanamume mmoja kutoka Bukoto, karani wa ofisi ya kahawa, ana risasi tumboni. Nani kampiga? Hawajui. Kwa nini? Hawajui. Walimweka chini wakaondoka kwa haraka ya watu wanaojua. Mkewe alibaki nyumbani na watoto. Tulimpasua, risasi ikatolewa, utumbo ukashonwa, na karibu na saa sita mchana aliletwa katika chumba cha kuamkia, mkono wake ukawekwa katika mkono wangu.

Saa sita na nusu wakaja askari wawili. Mmoja simjui. Wa pili alikuwa koplo niliyekua naye katika nyumba za askari, aliyesoma darasa moja na kaka yangu, aliyekula ugali kwa mama yangu.

"Ee, binti ya sajini! Kumbe hapa ndio unafanya kazi," akasema, anafurahi kweli kuniona. Kisha akamwonyesha karani kwa kidevu. "Huyu mutu tunataka. Sasa hivi."

Bwana Usingizi alitoka thieta akifuta mikono. Hakuonyesha kushtuka. "Chukueni," akawaambia. "Lakini mimi nawambia mapema. Dawa iko bado ndani ya kichwa. Mukimubeba, ulimi itaanguka, itaziba hapa. Mukifika kule mutakuwa na maiti. Mukubwa yenu ametuma maiti?"

Wakatazamana. Ilionekana mkubwa wao hakutuma maiti.

"Ataamuka saa ngapi?" koplo akauliza.

"Akitaja jina yake. Uliza sista. Hapa hakuna mutu anatoka kabla ya kutaja jina, hata kama ni meja."

Wakaketi kwenye benchi, bunduki katikati ya magoti. Bwana Usingizi akaja kulirekebisha blanketi ambalo halikuwa na kasoro, na akiwa ameinama karibu na sikio langu akasema kwa Luganda, polepole ili nielewe: "Leero tomuzuukusa." Leo usimwamshe. Kisha akaongeza kwamba gari la dobi linakuja saa kumi mlango wa nyuma kuchukua mashuka machafu, na saa kumi wale wawili wataitwa jikoni kula.

Kwa hiyo nilijua. Hilo ndilo nataka lieleweke. Hakuna aliyenificha kitu. Uhai wa mtu yule ulitaka kitu kimoja tu kwangu, ninyamaze mpaka saa kumi.

Nilimshika. Saa saba, saa nane. Mapigo yake yalikuwa mazuri, themanini na nane, themanini na nne. Koplo alinisimulia habari za nyumbani, nani kaoa, nani kahamishiwa Jinja. Nilijibu ndiyo na hapana. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu, nami nilikuwa nikihesabu dakika na mapigo pamoja, na akili yote ilikuwa kwenye gari la dobi. Saa tisa na dakika kumi vidole vya karani vilinibana. Nikatazama chini. Macho yake yalikuwa wazi, meusi, yananitazama, yana akili timamu ndani yake.

"Jina lako nani?" nikasema.

Sikusema mimi, ni mdomo. Najua hata mlevi hujitetea hivyo. Naye akajibu, maskini, kama wanavyojibu watu wa etha, kwa sauti kubwa ya mtoto darasani: jina lake la ubatizo, la ukoo, na juu yake kijiji cha baba yake.

Koplo alisimama.

"Anaota tu!" nikasema. "Wanaweweseka hawa, wanataja majina ya watu wasiowajua. Huyo hajaamka bado." Sikuwahi kusema uongo kwa ufasaha kama ule. Na koplo alisita, naapa alisita. Alitaka kuamini, au alitaka kuendelea kukaa. Akamgeukia Bwana Usingizi, aliyekuwa amekuja mpaka miguuni mwa kitanda.

"Muzee, ni kweli? Iko anaota?"

Bwana Usingizi alikuwa ameshika kalamu. Karatasi ilikuwa juu ya kitanda mbele yake, na mkono ulikuwa unaandika. Koplo akainama akasoma, maana alisoma vizuri, nilishasema alikuwa darasa moja na kaka yangu. Saa tisa na dakika kumi. Ametaja jina.

Waling'oa dripu. Walimshika makwapani, nyuzi zikiwa hazina saa nne tumboni, nami nikabaki nimeshika mkono wake mpaka koplo aliponitoa vidole, kimoja kimoja, kama yule askari wa mitungi. Hakucheka lakini. Hatukumwona tena karani yule, wala maiti yake, wala hakuna aliyemwona.

Mkewe alikuja kesho yake na kikapu cha chakula kilichofunikwa kwa majani ya mgomba, kwa maana aliambiwa upasuaji ulikwenda vizuri. Tulimwambia mumewe amehamishwa. Alikuja siku ya pili, chakula bado cha moto. Alikuja siku nane. Akiuliza yule mzee wa usingizi yuko wapi, kwa kuwa alisikia ndiye aliyemlaza, yeye alikuwa ndani ya stoo ya mashuka, amejifungia. Mwanamume aliyempa meja kalamu alijificha kwa mwanamke mwenye kikapu! Mimi ndiye niliyesimama mbele yake siku zote nane. Siku ya tisa hakuja, nami niliomba uhamisho.

Sikumuaga Bwana Usingizi. Miaka ikapita, wanajeshi wale wakang'oka, wakaja wengine. Mimi nilisomea kazi ileile ya usingizi, katika hospitali ndogo ya misheni nje kidogo ya mji, na kila nesi niliyemfundisha nilimfundisha kushika mkono. Ila nilikuwa nimeapa kwamba siku nikikutana na mzee yule nitamwuliza.

Aliletwa na mwanawe asubuhi ya Jumatatu, ngiri imekaza, tumbo gumu. Amekonda, meno machache. Aliponiona hakushangaa.

"Nani atanishika mukono?" akauliza.

"Mimi."

"Basi sawa. Nuseni mudomo yangu. Sijala."

Nilimnusa. Nilimwuliza anapasuliwa nini, upande gani. Nilimfunga mkanda wa presha, nikaandika nukta ya kwanza. Kisha hasira ikanirudia, nikaona siwezi kumlaza mtu huyu kabla sijasema.

"Mzee, kwa nini uliandika?"

Hakuuliza aliandika nini. "Kwa sababu alitaja."

"Nilikuwa nimekwisha kumdanganya koplo! Ungesema neno moja. Ungenyamaza tu na mikono yako mfukoni! Ni karatasi ile uliyoipenda kuliko mtu?"

Niliyatayarisha maneno hayo kwa miaka. Nilitaka anipe sababu kubwa, ukweli, kiapo, woga wa mkewe na watoto wake, chochote ambacho ningeweza kukitukana. Alihema kwa maumivu.

"Sista," akasema, "wewe ulitaka kumuuliza?"

"Hapana!"

"Na mimi sikutaka kuandika. Kalamu ilikuwa kwa mukono. Nilisikia jina, mukono ikaandika. Nilipoona, koplo anasoma." Alifumba macho. "Mudomo yako na mukono yangu. Mimi ndiye nilifundisha zote mbili."

Kwamba tulimwua mtu kwa kufanya kazi vizuri, hilo ndilo alilokuwa nalo miaka yote, wala hakuwa na kubwa zaidi la kunipa. Nilimchukia upya, na kwa mara ya kwanza nilijichukia kwa kiasi pungufu kuliko zamani. Wenye bunduki wangeweza kujifanyia kazi yao wenyewe. Wakatufanyisha sisi.

"Haya," akasema. "Kumulaza mutu hata walagi inaweza."

Nikamlaza. Saa moja na robo, kidole mbele ya sikio lake, mpira katika sikio langu. Moyo wake ulikuwa na mruko mmoja wa ajabu kila baada ya mapigo kumi hivi, nami nikawa nausubiri kila mara roho juu, moyo wa mtu nisiyemsamehe. Presha ilishuka mara moja tukairudisha. Niliweka nukta zote.

Katika chumba cha kuamkia sikumwachia nesi. Nilimlaza ubavu, nikainua kidevu chake chenye mvi, nikashika mkono. Alikoroma. Alilia kidogo. Akaita mama yake. Bado, nikamwambia, kama alivyonifundisha. Adhuhuri hivi alifumbua macho akanitazama, akili timamu ndani yake, na mdomo wangu haukwenda wenyewe safari hii. Nilijikaza, nikauliza kwa kukusudia.

"Jina lako nani?"

Akalamba midomo. "Ezera Nsamba," akasema, kwa sauti kubwa, kisha kijiji cha baba yake.

Halikuwa jina lake. Lilikuwa la karani wa Bukoto. Nesi wangu aliyekuwa amesimama kando hakujua hilo. Alitazama saa, akachukua kalamu, akataka kuandika.

"Weka kalamu," nikamwambia. "Bado hajataja lake." Nikaendelea kumshika mzee mkono.